Kumlipa mbeba takataka kwa magunia yanayopungua
Parsele yetu (kiwanja cha nyumba) hapa Himbi, Goma, ina familia sita. Zamani tulimlipa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa kila gunia la takataka, basi alitaka yajae tu! Na shimo la taka utachimba wapi, chini ni mawe ya volkano.

Fanyeni hivi. Hesabuni magunia ya mwezi mzima. Sisi tulipata 20. Patana naye bei moja ya mwezi. Kila gunia likipungua kwenye hesabu ile, mwongezeeni kitu. Bidoni (madumu) na chupa auze mwenyewe, faida yake. Maganda ya ndizi yaende kwa mfuga nguruwe.

Angalieni gunia lililoshindiliwa kwa mguu: tulidanganyika hivyo, magunia machache lakini taka ni zilezile, tukanunua mizani ya ndoano tupime uzito. Akitupa mtaroni au ziwani, nyongeza ya mwezi imekufa. Hilo liandikwe, wote watie sahihi.