Kupanga safari ya Nyanda za Juu Kusini: kutoka mchanga wa Ruaha hadi vyungu vya Matema

Vijana wanaoanza kazi ya kuongoza watalii hapa Iringa hunitumia ujumbe unaofanana: "Kaka shikamoo, nimepata wageni wanne, siku tisa, wanataka kusini. Nianzie wapi?" Nami huwauliza: wanakuja mwezi gani? Mpaka hilo lijulikane, ramani ikae kando.

Hatua ya 1: Uliza mwezi, kisha sema ukweli

Kusini kwetu kuna vitu viwili vikubwa ambavyo havipatikani vizuri kwa wakati mmoja. Wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huonekana vizuri zaidi Juni hadi Oktoba, majani yakiwa yamekauka na maji yamebaki sehemu chache. Maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo huchanua mvua zikishaanza, na ukitaka kuyakuta yamejaa bondeni, lenga Desemba hadi Machi. Mgeni anayekuja Agosti akiwa ameahidiwa "wanyama na bustani ya maua" atafika Kitulo akute nyasi za rangi ya ngano, upepo, na asubuhi pengine sakitu nyeupe juu ya nyasi. Mahali bado ni pazuri mno kwa kutembea, lakini si alichoahidiwa, na hatakusamehe.

Kwa hiyo mwache achague. Akichagua wanyama, Kitulo iuze kama matembezi ya uwanda wa juu, mita 2,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na umwambie alete koti zito. Akichagua maua, mweleze kwamba Ruaha ya masika ni ya kijani, baadhi ya njia za ndani hufungwa na tembo hutawanyika, ila ndege ni wengi ajabu. Hifadhi ile ina aina zaidi ya 500. Nina wageni wapenda ndege ambao hawataki kabisa kuja kiangazi.

Hatua ya 2: Tafuta uzi wa kushona vituo

Ratiba nyingi ninazoonyeshwa ni orodha: hifadhi, makumbusho, maporomoko, soko. Kila kituo kinasimama peke yake, na mgeni akirudi kwao anakumbuka tembo tu. Mimi uzi wangu ni maji.

Mpeleke mgeni Ruaha mwezi wa Septemba, simamisha gari kando ya mto wa mchanga wa Mwagusi, zima injini. Tembo jike anasukuma mchanga kwa mguu wa mbele, polepole, anautupa nyuma, kisha anaingiza mkonga kwenye shimo na kutulia. Maji huchelewa kujikusanya mle chini. Mtoto anasubiri ubavuni mwa mama yake. Nyani nao wamekaa mbali kidogo, wanangoja zamu. Mgeni atauliza tu: mbona hakuna maji?

Hapo usikimbilie jibu fupi la "ni kiangazi". Mwagusi ni mto wa msimu, lakini Ruaha Mkuu wenyewe ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika miezi ya kiangazi ndani ya hifadhi. Sababu kubwa iko juu, bonde la Usangu, ambako maji hugawanywa mashambani na sehemu yake hubaki kwenye ardhioevu ya Ihefu. Mpunga unaolimwa kule ndio wali tuliokula jana usiku. Siku tatu baadaye mnapita Usangu kwenyewe, mgeni anaona mifereji na majaruba ya mpunga, na anaelewa kwamba hapa hakuna mwovu wa kumnyooshea kidole. Kesho yake mnapanda Kitulo, ambako baadhi ya vijito vinavyoulisha mto ule huanzia. Mgeni aliyeona tembo akichimba atainama kunawa uso kwenye kijito cha Kitulo bila kuambiwa.

Wewe unaweza kuwa na uzi mwingine: vita vya Wahehe, chai na kahawa, reli ya TAZARA. Cha muhimu uwepo.

Hatua ya 3: Andika kwanza siku zisizohama

Kwenye njia hii kuna siku moja isiyohama: Jumamosi, soko la vyungu la Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwaka wangu wa pili kazini niliwafikisha Lyulilo wageni wawili siku ya Jumapili. Mama mmoja kati yao alikuwa mfinyanzi kwao, alikuja Tanzania kwa ajili ya vyungu vile. Tulikuta mchanga, nyasi za kufungia mizigo na vigae. Hakunilaumu, ila nilimwona akiokota kigae kimoja na kukitia mfukoni. Tangu siku hiyo napanga ratiba nikianzia Jumamosi na kurudi nyuma.

Inakaa hivi. Jumamosi wageni wanaingia Iringa. Jumapili Kalenga asubuhi, Ruaha mchana. Jumatatu Ruaha. Jumanne kutoka na kulala Iringa. Jumatano Isimila, kisha barabara ya Mbeya hadi Matamba, mlangoni mwa Kitulo. Alhamisi Kitulo, jioni Tukuyu. Ijumaa Ziwa Ngozi, kulala Matema. Jumamosi soko, kurudi Mbeya. Jumapili ndege kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya.

Jambo la pili ni saa za hifadhi. Ada ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24, si kwa tarehe. Ukiingia getini saa nane mchana Jumapili na kutoka kabla ya saa nane Jumanne, umelipa mara mbili na umepata jioni moja, siku nzima, na asubuhi moja, yaani nyakati zote ambazo simba wanatembea. Ukiingia saa mbili asubuhi na kutoka alasiri ya siku ya tatu, umelipa mara tatu ili ukae kwenye joto la mchana. Malipo yafanye mapema kwa namba ya malipo. Usitegemee kulipa taslimu getini.

Hatua ya 4: Kalenga usiipite kwa nusu saa

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara hiyohiyo ya Ruaha, ndiyo maana wengi huifanya mahali pa kujinyoosha miguu. Mimi natenga asubuhi nzima. Hapa palikuwa na ngome ya Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, na ndani ya makumbusho limehifadhiwa fuvu lake.

Simulia kwa mpangilio, maana wageni wengi hawajawahi kusikia lolote. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski wakakisambaratisha, na Zelewski mwenyewe akafa. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa akaingia porini, akapigana vita vya kuvizia karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 alipoona anakaribia kukamatwa akajipiga risasi. Fuvu likachukuliwa kwenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe. Lilirudi 1954, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining.

Wageni wa Kijerumani hukaa kimya hapa. Waache. Usiwahurumie kwa kupunguza maneno wala usiwashambulie. Ninachosisitiza kabla ya kuingia ni mambo mawili: hakuna kupiga picha mpaka mtunza makumbusho aruhusu, na yule si kitu cha maonyesho, ni babu wa watu wanaoishi kijijini hapohapo. Nafundisha pia salamu, "Kamwene", na jibu lake ni "Kamwene". Mzee akisikia mzungu anatamka hivyo, hata kama kwa ulimi mzito, mazungumzo hubadilika, atavuta kigoda. Mahali Mkwawa alipofia, Mlambalasi, pako mbele kwenye njia ya kwenda Ruaha. Kama muda unaruhusu, chepuka.

Hatua ya 5: Barabara ya Mbeya

Isimila fika mapema, kabla jua halijawa kali, maana nguzo zile za udongo zilizochongwa na mmomonyoko hupendeza kwenye mwanga wa pembeni, na korongo huwa tanuri saa saba. Zana za mawe za watu wa kale zilizogunduliwa pale mwaka 1951 bado zinaonekana zikiwa zimelala chini. Ni za kutazama, si za kuokota. Sema hivyo kabla, si baada.

Kutoka hapo ni mwendo mrefu, Mafinga, Makambako, Igawa, hadi Chimala. Malori ni mengi kwenye barabara hii ya Zambia, na dereva mzuri ni yule anayekubali kuchelewa. Chakula cha mchana kula Makambako kwa mama lishe. Wageni wangu wengi huniambia wali maharage na mboga za majani pale ulizishinda buffet za hotelini.

Chimala mnaacha lami na kupanda Hamsini na Saba, barabara iliyopewa jina la idadi ya kona zake. Usiipande giza likiwa limeingia wala mvua ikinyesha. Gari liwe la kuvuta magurudumu manne, na mgeni anayeogopa kimo mkalishe upande wa mlimani. Juu, hewa inakuwa ya baridi ghafla na Usangu yote inalala chini yenu.

Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina aina 45 za okidi. Waeleze wageni pia kwamba viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda; tishio hilo ni moja ya sababu za kulinda uwanda huu.

Hatua ya 6: Rungwe na Matema

Sitasema mengi juu ya Ziwa Ngozi: tembea na kijana wa kijijini anayeijua njia, viatu viwe vya kushika tope, na msifike juu mchana ukungu ukiwa umefunika ziwa. Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira ni la kupita njiani. Tukuyu agiza ndizi za kupika, za Kinyakyusa, na ukihudumiwa shukuru kwa "Ndaga fijo".

Matema lala Ijumaa. Alfajiri mitumbwi inatoka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, imesheheni vyungu vya akina mama wa Kikisi vilivyopangwa kwa nyasi. Mnunuzi anakinyanyua chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia kwa sauti kavu na safi, anakilipia. Kikitoa sauti ya kukwama, kina ufa, anakirudisha taratibu. Mfundishe mgeni kugonga. Atanunua kidogo kuliko alivyokusudia, lakini atakumbuka mlio.

Hatua ya 7: Pesa za njiani

Badilisha noti kubwa Iringa, mgeni mmoja awe na noti za elfu moja na elfu mbili. Kijana wa kijijini anayewaongoza alipwe kwa kiwango mlichokubaliana kabla, mbele ya wageni, na risiti ikiwepo ichukuliwe. Pipi kwa watoto kataza kabisa. Kama mgeni ana moyo wa kutoa, mwulize mwalimu mkuu wa shule ya jirani wanahitaji nini. Picha ya mtu huombwa kwa mdomo, si kwa kamera iliyokwisha kuinuliwa.

Na siku moja kabla ya kila kituo, piga simu. Mtunza makumbusho Kalenga, kijana wa Ngozi, mama wa nyumba ya wageni Matamba. Mwambie mko wangapi, mnafika saa ngapi, na kama kuna asiyekula nyama. Matamba kuna baridi. Ukipiga mapema, mtakuta maji ya moto yameshatengwa jikoni na jiko la mkaa limewekwa barazani.