Bampa Limepasuka: Namna ya Kuamua Kati ya Kulikarabati na Kulibadilisha Mwenyewe

Watu wengi huamua hatima ya bampa wakiwa wamechuchumaa mbele ya gari, macho yakiwa kwenye rangi iliyochubuka, na kosa huanzia hapo. Bampa ninalolizungumzia ni lile gamba la plastiki lililopakwa rangi ya gari, ambalo kazi yake kubwa ni kufunika na kupendezesha. Kinachopokea kishindo hasa kiko nyuma yake: sponji ngumu, na nyuma ya sponji mhimili wa chuma au alumini uliofungwa kwenye chasisi. Kwa hiyo mambo yanayoamua yako upande wa ndani, nao hauonekani mpaka gamba lifunguliwe.

Gari la kwanza nililolitengeneza kwa namna hii lilikuwa langu mwenyewe. Niliujaza ufa kwa puti bila kufungua kitu, nikapiga msasa, nikapaka rangi, na kazi ikapendeza kweli. Baada ya wiki chache za barabara mbovu ufa ukarudi pale pale, mwembamba kama unywele, kwa sababu sikio la kushikizia bampa lilikuwa limekatika kwa ndani na pembe nzima ilikuwa inaning'inia kwenye puti yangu.

Hatua ya 1: Osha kwanza

Osha bampa kwa maji na sabuni, kisha ulifute likauke. Sehemu ya kile kinachoonekana kama mkwaruzo huwa ni rangi ya kitu kilichogongwa, nayo hutoka kwa polishi. Pitisha ukucha juu ya mikwaruzo iliyobaki. Ukucha ukiteleza bila kukwama, jeraha limeishia kwenye vanishi ya juu na polishi inaweza kutosha. Ukikwama, patahitaji msasa na rangi. Baada ya hapo sukuma plastiki kwa kiganja kuzunguka eneo lililogongwa, maana upo ufa ambao haujionyeshi mpaka uufumbue kama mdomo.

Linganisha pia nafasi kati ya bampa na madigadi, taa na boneti, upande wa kushoto na wa kulia. Iwapo nafasi hizo zinalingana, hakuna ufa, na gari lilikwaruzwa tu bila kugongwa, unaweza kuishia kwenye kazi ya rangi. Nafasi moja ikiwa imepanuka, au bampa likiwa limeshuka upande mmoja, endelea na hatua inayofuata hata kama rangi haikuguswa.

Hatua ya 2: Fungua bampa

Zima gari, tenganisha waya wa betri na usubiri kwa muda uliotajwa katika kitabu cha gari, kwa kuwa vihisi (sensa) vya mifuko ya hewa huwekwa karibu na eneo hilo katika magari mengi. Skrubu na klipu hupatikana sehemu tatu: chini ya boneti au buti, ndani ya uvungu wa magurudumu, na upande wa chini wa bampa. Ukilazimika kuinua gari, liweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi mtu kuingia chini.

Tafuta mtu wa pili wa kushika upande mwingine. Pembe za bampa huvutwa kwanza kuelekea nje, mbali na madigadi, ndipo bampa zima livutwe kutoka kwenye gari. Anayeanza kwa kulivuta mbele huyavunja masikio yaliyokuwa mazima. Lilegeze kidogo tu, ingiza mkono, chomoa plagi za taa na vihisi, halafu ndipo ulitoe. Klipu chache zitavunjika hata kwa fundi mzoefu, kwa hiyo uwe na za akiba.

Hatua ya 3: Soma mgongo wa bampa na vilivyo nyuma yake

Lilaze bampa juu ya blanketi, uso ukiwa chini. Anza na masikio, yaani vile vipande vidogo vyenye matundu ya skrubu na klipu, pamoja na reli za pembeni. Sikio moja lililokatika likiwa na kipande chake linaweza kuunganishwa. Mawili au matatu ya upande mmoja yakiwa yamekwenda, au vipande vyake vikiwa vimepotelea barabarani, mimi hubadilisha, kwa sababu hapo ndipo mtikisiko wote wa safari unapoishia, na sikio la kuunda upya halidumu kama lile la kiwandani.

Tazama pia rangi ya plastiki kandokando ya ufa. Plastiki nyeusi iliyogeuka kuwa na utando mweupe imevutwa kupita uwezo wake, na mara nyingi utando huo huenea mbali kuliko ufa wenyewe. Ufa mmoja usiozidi urefu wa kiganja, ulio sehemu tambarare, unakarabatika. Nyufa kadhaa zinazokutana kwenye ukingo au kwenye tundu la taa, zenye weupe kila upande, zitakula muda mwingi na kukupa bampa dhaifu.

Kisha geukia gari lenyewe. Sponji iliyopasuka au kubonyea hubadilishwa. Haiunganishwi kwa gundi, kwa kuwa ilitengenezwa ifyonze kishindo kwa namna maalumu. Pima mhimili kwa kamba iliyonyooka kutoka ncha hadi ncha. Ukiona umepinda, usiunyooshe kwa nyundo wala kwa moto. Ikiwa mahali ulipofungiwa kwenye chasisi napo pamekunjamana, kazi imetoka mikononi mwako na gari lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kupima chasisi.

Jambo la mwisho ni rada. Magari yenye breki za dharura zinazojishika zenyewe huweza kuwa na rada, yaani kifaa kinachotambua vilivyo mbele, nyuma ya bampa au ya grili, na kibebeo chake kikipinda kidogo tu, rada hutazama pasipostahili. Eneo la bampa lililo mbele ya rada halijazwi puti wala kulehemiwa; likipasuka, bampa libadilishwe na rada ipimwe upya kwa kifaa chake.

Hatua ya 4: Itambue plastiki

Ndani ya bampa kuna herufi zilizochapwa kati ya alama mbili, mfano >PP+EPDM-T20<. PP ni polipropilini, EPDM ni mpira unaoilainisha, na T20 inaonyesha asilimia 20 ya ulanga, yaani unga wa madini ya talki. Mabampa mengi ya magari ya sasa ni ya jamii hii, nayo hulehemika kwa joto. Ukikuta PUR, yaani poliurethani, huenda ni ile aina isiyoyeyuka bali huungua; hiyo huunganishwa kwa gundi yake maalumu.

Herufi zikiwa hazisomeki, sugua sehemu iliyofichika kwa msasa wa namba 80. Polipropilini haitoi unga mkavu: hulainika na kuacha vinywele mithili ya kitambaa kilichochakaa. Plastiki yenye tabia hiyo haishiki puti wala rangi mpaka ipakwe dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, na wanaoiruka hatua hii ndio ambao rangi yao hubanduka kama ganda la kitunguu.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa haki

Hapa watu hujidanganya. Hulinganisha bei ya bampa jipya na bei ya kopo la puti, wakasahau kwamba bampa jipya huja bila rangi au likiwa na praima tu, yaani rangi ya msingi. Praima, rangi, vanishi na saa za kupiga msasa vipo pande zote mbili, basi viondoe kwenye mizani. Kinachobaki upande mmoja ni bei ya kipande kipya pamoja na klipu, na upande wa pili ni vifaa vya kulehemu na siku yako moja au mbili. Bampa lililotumika lenye rangi ile ile ya gari hubadilisha hesabu yote, kwani huenda usipake kitu kabisa.

Hatua ya 6: Ukiamua kukarabati

Bonde lisilo na ufa ndilo jepesi: mwagia maji yaliyochemka, sukuma kutoka ndani ukiwa umevaa glavu, kisha mwagia maji baridi ili umbo lishike.

Ufa unahitaji utaratibu zaidi. Safisha pande zote mbili na utoboe tundu la milimita 3 mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa. Banisha uso kwa utepe uliobana ili kingo zikae sawa, kisha kwa upande wa ndani chonga mfereji hadi nusu ya unene wa plastiki. Zamisha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kwa chuma cha kulehemu, na uufunike kwa kijiti cha plastiki ya jamii ile ile. Fanya kazi mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wake unadhuru. Plastiki ikianza kuwa kahawia, joto limezidi. Ikishapoa, chonga na ulehemu uso wa mbele, piga msasa wa namba 80, kisha 180, paka dawa ya kushikisha, weka safu nyembamba ya puti ya plastiki inayonyumbulika, halafu malizia kwa 320 kabla ya praima na 600 kabla ya rangi.

Vanishi ya kuchanganya na kigumushi hutoa kemikali zinazodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haizizuii. Iwapo huna kinga inayokuletea hewa safi, mpelekee fundi wa rangi mwenye chumba chake sehemu hiyo ya kazi.

Hatua ya 7: Ukiamua kubadilisha

Hakikisha matundu ya taa, ya vihisi na ya ndoano ya kuvutia gari yanalingana na ya lile la zamani. Bampa lililotumika ligeuze kwanza: ukiona wavu au gundi mgongoni, unanunua ukarabati wa mtu mwingine. Lijaribishe kwenye gari kabla ya kulipaka rangi, kwa sababu mengi yasiyotoka kwa mtengenezaji wa gari huhitaji kuchongwa kidogo, na huenda ukataka kulirudisha. Jipya lisilo na rangi lioshe kwa sabuni na ulisugue, kwani hubakiwa na mafuta ya kulitolea kwenye kalibu. Rangi ichanganywe kwa namba iliyo kwenye kibao cha gari, ambacho mara nyingi hubandikwa kwenye fremu ya mlango, na vihisi visipakwe rangi nzito usoni.

Wakati wa kulirudisha, unganisha nyaya, rudisha betri, kisha jaribu taa zote na umweke mtu asogee mbele ya kila kihisi cha maegesho kabla hujakaza skrubu za mwisho, maana plagi iliyosahaulika ni rahisi kuifikia bampa likiwa bado limelegea.