Kiingereza cha Tanga kinatosha: jinsi ya kwenda Laos kuongea na wanafunzi

Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ya mapokezi hotelini Muscat. Likizo yangu moja niliimalizia Luang Prabang, kaskazini mwa Laos, nikiketi kila siku na vijana wanaotafuta mtu wa kuongea naye Kiingereza. Tangu nirudi, wenzangu wananiuliza nilifanyaje, nao karibu wote wananiambia, "Lakini dada, Kiingereza changu mimi si cha Waingereza." Basi nianzie hapohapo.

Kabla ya Laos niliandikia wakala mmoja wa kazi za kujitolea katika nchi nyingine. Alitaka nilipe ada kubwa, kisha akanijibu kwamba wanapokea wazawa wa Kiingereza tu. Iliniuma sana. Lakini tazama kijana wa Laos anakihitaji Kiingereza ili aongee na nani. Laos iliingia ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, mwaka 1997, na lugha ya kazi ya ASEAN ni Kiingereza. Mezani kwake watakaa Mthailand, Mvietnam, Mkorea, wote waliojifunza lugha hii kama yeye. Wewe uliyeipata darasani kwa jasho unajua inakwama wapi. Nenda.

Tafuta mahali ambapo wenyeji ndio wenye shughuli. Mimi nilikwenda Big Brother Mouse, shirika la Walao linalochapisha vitabu vya watoto kwa lugha yao. Mlango ulikuwa wazi kwa wasafiri mara mbili kwa siku: saa tatu hadi saa tano asubuhi, na saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Hulipi, huandiki barua ya maombi, huulizwi cheti. Unavua viatu, unaketi, na kabla hujakaa sawasawa kijana kashakusogelea na daftari lake. Wengi wao wanatoka vijiji vya Wahmong na Wakhmu, makabila ya huko. Wengine ni watawa wanafunzi wa Kibudha, wamevaa joho la rangi ya chungwa. Mahali pakikudai fedha nyingi ili ujitolee, waulize zinakwenda wapi. Na vituo vya yatima vinavyopokea watalii viache kabisa. Mtoto anayezoea mgeni mpya kila wiki anaumia, na huko Kambodia wengi wa watoto hao wamekutwa wana mzazi aliye hai.

Habari ya viza uliza ubalozini kabla hujanunua tiketi, maana pasipoti zetu hazifunguliwi kila mpaka. Uliza pia kama viza ya utalii inakuruhusu kujitolea. Nchi nyingine huhesabu hiyo kuwa ni kazi, hata kama hulipwi. Mimi niliingilia Thailand: unavuka daraja kutoka Chiang Khong, unapanda boti Huay Xai upande wa Laos, unateremka na mto Mekong siku mbili, usiku mmoja unalala Pak Beng. Tangu Desemba 2021 ipo pia treni kutoka Vientiane, mji mkuu.

Sasa mezani. Kazi yako ni kumfanya yeye aongee. Siku ya kwanza nilikosea: kila akisita, mimi namalizia sentensi. Jioni nikagundua nimeongea peke yangu saa nzima. Kesho yake nikajizuia. Nikiuliza swali, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kwenye saba au nane, maneno yanakuja.

Chukua picha za kwenu zilizosafishwa kwenye karatasi, simu iache mfukoni. Nilikuwa na picha ya mama amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikamweleza kijana mmoja kwamba kifaa hicho sisi tunakiita mbuzi. Akacheka, akaniambia Wathailand wanakiita sungura! Alikuwa amefanya kazi huko. Akaanza kunieleza nazi inavyokunwa, tui linavyokamuliwa, wali wa kunata unavyopikwa ndani ya mwanzi. Dakika ishirini, bila mimi kuuliza kitu. Wali huo, nikuambie, wanaumega kwa vidole na kuufanya tonge kama sisi na ugali. Ukiula nao umepata mazungumzo ya siku nzima.

Kusahihisha kunataka kiasi. Sisi Waswahili tukikutana na konsonanti mwishoni mwa neno tunaibandika irabu: "five" inakuwa "faivu". Mlao anaikata: "fai". "House" na "how" kwake zote zinaweza kutoka "hau". Kitenzi cha Kilao hakibadiliki umbo, kwa hiyo atakuambia "yesterday I go" bila wasiwasi. Ukikamata kila kosa, atanyamaza. Chagua moja tu kwa kikao. Mimi nilichagua sauti za mwisho, nikamwonyesha kosa langu na lake bega kwa bega, tukafanya mazoezi pamoja, yeye akirefusha, mimi nikifupisha.

Kwa dada zangu: mtawa haguswi na mwanamke, na hata kalamu humpi mkononi. Unaiweka mezani, yeye anaichukua. Mabega na magoti yafunike. Kichwa cha mtu usikiguse, wala nyayo zako usizielekeze kwake. Salamu ni "sabaidee", asante ni "khop chai", na ukiyasema vibaya watakufundisha kwa furaha, nawe utaonja kukaa kiti cha mwanafunzi kama wao.

Siku zako za kukaa zitaje mapema. Kijana akiomba namba, mpe kama kweli utajibu. Kama hutajibu, mwambie palepale kwa upole. Jioni yangu ya mwisho yule wa sungura aliniomba ile picha ya mama. Nikamwandikia nyuma yake "mbuzi" kwa Kiswahili, naye akaandika chini yake kwa Kilao, akaitia kwenye daftari.