Somo: Kuku wa limau wa Kiitaliano (scaloppine al limone)

Asili yake ni nyama ya ndama, ila kidari cha kuku kinakubali vizuri na bei yake ni nafuu. Andaa kila kitu mapema, maana ukishabandika kikaango hakuna muda wa kutafuta chumvi.

Mahitaji (watu 4): vidari 2 vya kuku visivyo na mfupa wala ngozi, unga wa ngano vijiko 4 vya chakula, siagi gramu 50, mafuta ya zeituni vijiko 2, malimau 2, supu ya kuku nusu kikombe, pasli, chumvi na pilipili manga.

1. Pasua kila kidari kibapa upate vipande vitatu. Vifunike kwa nailoni, gonga taratibu kwa mchi hadi unene ufike nusu sentimita.

2. Usimkamulie kuku limau sasa! Najua mkono umezoea, kuku wetu wa kuchoma bila kulowekwa hajakamilika. Lakini hapa nyama ikilowa unga unageuka gundi na rangi haiji. Ikaushe kabisa, tia chumvi na pilipili manga, ipake unga kisha kung'uta. Ukishapaka, kaanga papo hapo.

3. Pasha mafuta na nusu ya siagi. Povu likitulia, weka vipande viwili au vitatu tu. Ukirundika vitatoa maji. Dakika 2 kila upande zinatosha. Vitoe.

4. Mchuzi ndio kazi yenyewe. Mimina supu kwenye kikaango hichohicho na ukwangue kwa mwiko ile kahawia iliyoganda chini, ladha yote iko hapo. Ikipungua nusu, tia maji ya limau moja na nusu, rudisha kuku pamoja na majimaji yaliyochuruzika sahanini, dakika 1. Ipua. Sasa ndipo utie siagi iliyobaki, ikiwa ya baridi, huku ukizungusha kikaango mpaka mchuzi ung'ae na uwe mzito kidogo. Nyunyiza pasli.

MASWALI

Dada, limau sipati huku kwetu, ndimu je?
Inafaa, ila anza na nusu ya kipimo kisha onja. Malimau ya Sorrento na Amalfi, huko kusini mwa Italia, yanasifika kwa harufu ya ganda, kwa hiyo ukipata limau zuri kwaruza na ganda lake kidogo. Ile njano tu, nyeupe ni chungu.

Nimeona wengine wanatia divai. Sisi hatutumii.
Wala huihitaji. Supu na limau vinatosha.

Mchuzi wangu umekatika, mafuta yanaelea juu.
Siagi imechemka. Ongeza kijiko cha maji, ukoroge kwa nguvu nje ya moto, mara nyingi unarudi.

Kuku wa kienyeji anafaa?
Kwa dakika 2 atakushinda kumtafuna, mwenzangu. Huyo mchemshie mchuzi wake.

Niile na tambi?
Italia tambi huliwa kwanza, kuku anafuata na mkate au mboga. Nyumbani kwako pakua utakavyo. Mimi huupenda mchuzi huu juu ya viazi vya kuponda, na wali mweupe nao haukatai.