Somo: Kukielewa kitenzi "get" bila kukariri orodha ndefu

Ukifungua kamusi kubwa ya Kiingereza utakuta "get" imepewa maana kibao, na wanafunzi wengi huanza kuzikariri moja baada ya nyingine mpaka wanakata tamaa. Hakuna haja. "Get" peke yake ni nyepesi; kinachoamua maana ni neno linaloifuata. Kwa hiyo kila ukikutana nayo, angalia kwanza kilicho mbele yake.

Hatua ya 1: Shika maumbo yake
Wakati uliopo ni "get", na nafsi ya tatu umoja ni "gets". Wakati uliopita ni "got". Umbo la tatu, linalokaa baada ya "have", Waingereza husema "got", na Wamarekani kwa kawaida husema "gotten" wakimaanisha kupata au kuingia katika hali fulani. Ukiongeza "-ing", herufi t zinakuwa mbili: "getting".

Hatua ya 2: Ikifuatwa na nomino
Hapo maana ni kupata, kupokea au kuleta. "I got a letter", nilipata barua. "Can you get me a chair?", unaweza kuniletea kiti? Hapa wengi hawapati shida, tuendelee.

Hatua ya 3: Ikifuatwa na kivumishi
Hapa ndipo penye kazi, na naomba usome taratibu. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kila hali: kuchoka, kukasirika, kulowa, kuzeeka. Mwanafunzi anatafuta kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana ya kukasirika, hakipati, basi anaandika "He angried". Kiingereza huunganisha maneno mawili: "get tired", "get angry", "get wet", "get old".

Sasa, lini useme "be" na lini useme "get"? Jibu unalo tayari kwenye Kiswahili chako. Sema "giza linaingia", kisha sema "giza limeingia". La kwanza ni hali inayokuja: "It's getting dark". La pili ni hali iliyokwisha kufika: "It's dark". Vivyo hivyo "anakasirika" ni "He is getting angry", na "amekasirika" ni "He is angry". Yaani kwenye vitenzi vya hali, -na- mara nyingi inakupeleka kwenye "getting", na -me- inakupeleka kwenye "is" au "are". Anayetafsiri kila -me- kwa "have" ataishia kuandika "I have tired", na hicho si Kiingereza. Sema "I am tired".

Na ukisimulia jambo lililopita? "Aliposikia habari ile alikasirika" ni "When he heard the news, he got angry". Ukisema "he was angry" unaeleza hali aliyokuwa nayo, bila kuonesha ilivyoanza.

Jizoeze kwa hivi: kulewa, kupotea, kunenepa, kuumia. Ni "get drunk", "get lost", "get fat", "get hurt". Tunga sentensi mbili kwa kila kimoja, moja ya hali inayokuja na moja ya hali iliyokwisha kufika.

Hatua ya 4: Ikifuatwa na mahali
Maana ni kufika. "We got to the station at six." Usisahau "to". Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to": "I got home late", nilifika nyumbani nimechelewa. "Get to home" ni kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko mengine yote.

Hatua ya 5: Ikifuatwa na kitenzi cha umbo la tatu
Hapo inafanya kazi ya kauli ya kutendwa: "He got arrested", alikamatwa. Ni lugha ya mazungumzo. Kwenye ripoti au barua rasmi andika "He was arrested".

Hatua ya 6: Ikifuatwa na vijineno kama "on", "off", "up"
Hizi kweli zinahitaji kukaririwa, ila zikariri ndani ya sentensi. Kwa vyombo vya usafiri kuna kanuni nzuri: chombo unachoweza kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, ni "get on" na "get off". Gari dogo ni "get in" na "get out of". Baiskeli na pikipiki unazikalia juu, basi nazo ni "get on" na "get off".

MASWALI

Mwalimu, "I've got two brothers" ina maana nimewapata?
Hapana. "Have got" ni kuwa na kitu, sawa na "I have two brothers". Kwa Mmarekani tofauti inasikika wazi: "I've got a car" ni ninalo gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Kwa wakati uliopita tumia "I had".

Sisi mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kwa Kiingereza nisemeje?
Kiingereza hakitofautishi: "He got married", "She got married". Ukimtaja mwenzi, tumia "to", siyo "with": "She got married to a doctor". Ukitumia "marry" yenyewe, ondoa hata hiyo "to": "She married a doctor".

Kwenye filamu za Marekani nasikia kama "gerit". Ni neno gani?
Ni "get it". Wamarekani wakiiweka t kati ya irabu mbili huilainisha, na sikio letu husikia r. "I get it" ni nimeelewa.

Asante kwa somo, mwalimu. "Nilimfanya akubali" ni "I got him agree"?
Inakosa "to": "I got him to agree". Hapo ulimshawishi mpaka akakubali. Kama ulimlazimisha, sema "I made him agree", na hapo "to" haiingii kabisa.