Laptopu inayojizima baada ya kupandishwa Windows 11: isome kabla ya kuifomati

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za ex-UK, kama vile EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, zimepandishwa Windows 11 kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu inayoweza kuruka ukaguzi wa Microsoft wa mashine. Prosesa zake ni za Intel kizazi cha 6, nayo Microsoft inataka cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kukwepa ukaguzi huo kwa kawaida siko kunakozizima. Mara nyingi kisababishi ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani), joto, RAM au stima. Lakini uliza fundi yeyote, Kondele kule Kisumu au katikati ya mji wa Nakuru, jibu la haraka litakuwa "tuifomati tu". Kama shida ni joto, utalipia kufomatiwa na mashine itakata vilevile.

Anza kwa kutazama inavyokufa. Ikitoa skrini ya buluu au nyeusi yenye maandishi, mfumo wenyewe umeamua kusimama, na maandishi hayo ni ushahidi. Yapige picha kwa simu. Ikikata ghafla bila neno, shuku stima na joto kwanza. Ikiganda huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, kagua diski kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Ukiona "Caution" au "Bad", nakili faili zako kwanza, mengine baadaye.

Kama hukuwahi kuona kilichotokea, bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, kisha ingia Windows Logs, System. Utakuta kosa la Kernel-Power namba 41. Wengi wakiliona hudhani wamepata ugonjwa na kukimbilia kununua chaja. Linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa. Fungua Details utafute BugcheckCode. Ikiwa 0, hakuna skrini ya buluu iliyorekodiwa, hivyo geukia umeme na joto. Ikiwa namba nyingine, itie kwenye kikokotoo cha Windows ukikiweka Programmer, usome mstari wa HEX: 159, kwa mfano, ni 9F, yaani draiva iliyokwama mashine ikilala au ikiamka.

Upande wa stima, chomoa chaja mashine ikiwa inafanya kazi. Ikizimika papo hapo, betri imekwisha, na kila stima ikipotea mtaani laptopu nayo inaanguka. Hili likitokea katikati ya kupandisha mfumo, faili hubaki nusu nusu.

Upande wa joto, weka programu ya HWiNFO utazame nyuzi za prosesa. Zikipanda hadi 95 na zaidi kabla ya kukata, umepata jibu. Saa za kwanza baada ya kupandishwa, Windows huorodhesha faili upya na kuvuta masasisho kimyakimya, hivyo mashine iliyokuwa ikiponea chupuchupu inavuka mpaka, hasa mchana wa Kisumu ambapo chumba chenyewe kina nyuzi 30. Ifungue, chomoa betri, shikilia panga za feni kwa kidole ndipo upulize vumbi, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa kwa alkoholi ya isopropili, uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Ukijaza pesti kupita hapo, hupati faida yoyote.

Skrini ikiandika DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, tazama chini yake jina linaloishia .sys. Netwtw04.sys ni Wi-Fi ya Intel, igdkmd64.sys ni picha za Intel, nvlddmkm.sys ni NVIDIA. Ingia Device Manager, fungua kifaa hicho, Driver, kisha Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, pakua draiva kutoka tovuti ya aliyeitengeneza laptopu, ukitumia modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Ya Windows 10 kwa kawaida inakubali. Achana na programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mpigo. Zikiharibu, hutajua ni ipi iliyoharibu.

Isipofika hata kwenye desktop, izime kwa kushikilia kitufe nembo inapotokea, na uirudie hivyo mpaka ilete ukurasa wa kujirekebisha. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha 4, yaani Safe Mode, ambapo Windows huwaka na draiva za msingi tu. Ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski) wa tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia simu.

INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwenye laptopu kuukuu ina ujanja wake. Ukiona na tarehe imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya CR2032 imekufa, BIOS (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows) imesahau mpangilio wa diski na kuhama kati ya AHCI na RAID, njia mbili za kuisoma diski. Ingia BIOS urudishe ulivyokuwa, badilisha betri. MEMORY_MANAGEMENT ni kesi ya RAM: chomoa kijiti kimoja, tumia mashine na kilichobaki, kisha vibadilishane. Meno yake yafute kwa raba ya penseli.

Kwa faili za Windows zilizovurugika, fungua Terminal kama Admin, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ndipo sfc /scannow, kwa mpangilio huo. Amri ya kwanza hula bando.

Kama ulipandisha juu ya Windows 10 bila kufuta, una siku 10 za kurudi: Settings, System, Recovery, Go back. Ukitaka muda zaidi wa kupima, endesha DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60 kabla siku hizo hazijaisha, na usifute folda ya Windows.old (mfumo wako wa zamani) hata C ikikulilia nafasi, kwa sababu bila hiyo Go back haifanyi kazi.