Jinsi ya Kuendesha Mto Wenye Mabwawa Mengi: Kupima Akiba, Kukadiria Safari ya Maji na Kutoa Amri ya Mlango

Mwongozo huu unamlenga mtu anayeshika, au anayejiandaa kushika, kazi ya kuamua ni maji kiasi gani yatoke katika mabwawa ya mto mmoja mrefu, yatoke lini, na yatoke bwawa lipi. Mto wa namna hiyo huwa na maji ya aina tatu: yaliyo ziwani, yaliyo njiani mtoni, na yaliyokwisha kuahidiwa watumiaji ingawa bado hayajatoka. Aina ya kwanza huhesabiwa kwa makini kwa sababu inaonekana kwa macho, na ya tatu hukumbushwa na wenyewe kila asubuhi kwa simu. Ya pili ndiyo husahauliwa, na sehemu kubwa ya hasara zinazoweza kuepukika, iwe ni mafuriko madogo yasiyo ya lazima au shamba kukosa maji huku ziwa likiwa limejaa, hutokana nayo.

Kabla ya kuendelea, zoea hesabu mbili. Mtiririko wa mita 1 ya ujazo kwa sekunde ukiendelea siku nzima hutoa mita za ujazo 86,400. Milimita 1 ya maji juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Karibu kila hesabu iliyomo humu inajengwa juu ya hizo mbili.

Hatua ya 1: Hakiki jedwali la usawa na ujazo

Kila bwawa linapaswa kuwa na jedwali linaloonyesha, kwa kila sentimita ya usawa wa maji, ukubwa wa uso wa ziwa na ujazo uliomo. Jedwali hilo huandaliwa kwa upimaji wa bonde kabla halijajazwa, na huanza kupitwa na wakati tangu siku maji yanapoingia, kwa sababu mto huleta mchanga na tope. Mchanga mzito hutua pale mto unapoingia ziwani, si karibu na ukuta kama wengi wanavyodhani, hivyo unapunguza ujazo ule ule unaotumika kila siku na si ule wa chini usiotoka. Uliza upimaji wa mwisho wa kitako cha ziwa ulifanyika mwaka gani. Ukiambiwa ni ule wa wakati wa ujenzi, chukulia kwamba ujazo uliomo ni mdogo kuliko jedwali linavyosema.

Kisha tenganisha ujazo wote na ujazo unaotumika. Kariba, katika mto Zambezi, ni mfano mzuri: ziwa lote hubeba takribani mita za ujazo bilioni 180, lakini mitambo ya umeme hutumia maji yaliyo kati ya usawa wa mita 475.50 na mita 488.50 juu ya usawa wa bahari, nayo ni takribani bilioni 65 tu. Mwishoni mwa Novemba 2022, mamlaka ya mto huo iliagiza ufuaji umeme usimame katika kituo cha upande wa kusini kwa kuwa sehemu hiyo inayotumika ilikuwa imekaribia kwisha, ingawa mtu aliyesimama ukingoni angeona bahari ya maji mbele yake. Kwa hiyo, katika taarifa zako taja siku zote asilimia ya akiba inayotumika, wala usitaje ya ziwa zima.

Hatua ya 2: Kokotoa maji yaliyoingia

Maji yanayoingia katika ziwa kubwa hayapimwi moja kwa moja, kwa sababu huingia kwa mito na vijito vingi ambavyo vingine havina kituo cha kupimia. Hukokotolewa kwa kurudi nyuma: mabadiliko ya ujazo, jumlisha yaliyotoka, jumlisha yaliyopotea kwa mvuke.

Tuchukue ziwa lenye uso wa kilomita za mraba 200. Kati ya saa 12 asubuhi ya jana na saa 12 asubuhi ya leo usawa umepanda sentimita 3, yaani mita za ujazo milioni 6. Milango ya bwawa na mitambo ya umeme ilitoa kwa wastani mita za ujazo 250 kwa sekunde, sawa na milioni 21.6 kwa siku. Mvuke wa milimita 5 umechukua milioni 1. Jumla ni milioni 28.6, ambazo zikigawanywa kwa 86,400 zinatoa mtiririko wa kuingia wa takribani mita za ujazo 331 kwa sekunde.

Sasa angalia udhaifu wa hesabu hiyo. Katika ziwa hilo, kosa la sentimita 1 katika usomaji ni mita za ujazo milioni 2, yaani 23 kwa sekunde kwa siku nzima. Upepo ukivuma kutwa kuelekea ukutani, maji hurundikana upande huo na kipimo cha ukutani hupanda bila tone moja kuongezeka. Usiku upepo ukitulia, kipimo hushuka, na hesabu ya kesho yake huweza kukuonyesha maji yanayoingia kuwa pungufu ya sifuri. Usiibadilishe milango kwa sababu ya tarakimu kama hiyo. Tumia wastani wa vipimo viwili au zaidi vilivyo pande tofauti za ziwa, soma saa ile ile kila siku, na kwa maamuzi yasiyo ya dharura tumia wastani wa siku tatu.

Mvuke nao usiudharau. Ziwa lenye uso wa kilomita za mraba 5,400, likipoteza milimita 5 kwa siku, hupoteza milioni 27 za mita za ujazo, na hizo ni zaidi ya mita za ujazo 310 kwa sekunde zinazopaa hewani.

Hatua ya 3: Jua safari ya maji

Hii ndiyo hatua ninayoomba msomaji aipe muda mwingi kuliko nyingine zote. Ukifungua mlango leo, maji hayafiki chini yakiwa na sura ile ile uliyoyatoa nayo. Huchelewa, na pia hutandazika: ongezeko la ghafla hugeuka kuwa kupanda kwa taratibu, kwa sababu mto wenyewe unajijaza kwanza kabla ya kupitisha.

Njia nyepesi ya kukadiria hali hii ni ile ya Muskingum, iliyopewa jina la mto ulio katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Inahitaji namba mbili kwa kila kipande cha mto: K, ambayo ni muda wa safari, na x, ambayo huwa kati ya 0 na 0.5 na huonyesha ni kwa kiasi gani mto unatandaza wimbi la maji. Namba hizo hupatikana kwa kulinganisha kumbukumbu za kituo cha kupimia cha juu na cha chini katika nyakati zilizopita ambapo maji yalitolewa. Tuseme K ni siku 2 na x ni 0.2, nasi tunakokotoa siku kwa siku. Vizidishi vinavyotokana ni 0.048 kwa maji yanayoingia kipande hicho leo, 0.429 kwa yaliyoingia jana, na 0.524 kwa yaliyotoka jana. Ukiacha tofauti ndogo ya kufupisha desimali, jumla yake lazima iwe 1, na isipokuwa 1 tafuta kosa kabla ya kuendelea.

Tuseme mto ulikuwa umetulia kwenye mita za ujazo 100 kwa sekunde, nawe umepandisha hadi 200 na kuacha hapo. Mwisho wa kipande hicho kutaonekana takribani 105 siku ya kwanza, 150 siku ya pili, 174 siku ya tatu na 186 siku ya nne. Aliyeambiwa kwamba safari ni siku mbili, akaagiza 200 kwa ajili ya siku ya pili, atapata robo tatu tu ya alichotaka, na atapiga simu akidai umempunja. Kwa anayehitaji maji kamili kwa siku fulani, lazima maji yatolewe mapema zaidi, au yatolewe kwa ziada kidogo mwanzoni kisha ziada hiyo iondolewe.

K nayo haikai mahali pamoja. Mtiririko ukiongezeka ndani ya kingo, maji hukimbia zaidi na safari hufupika. Yakipita kingo na kuingia katika mbuga na vinamasi, safari hurefuka sana na sehemu ya maji hairudi mtoni. Andaa jedwali la K kwa viwango vitatu au vinne vya mtiririko badala ya kutumia namba moja mwaka mzima.

Tatizo la kukasirisha zaidi ni maji yaliyokataliwa. Katika mto Murray wa Australia, kutoka bwawa la Hume hadi mpaka wa jimbo la Australia Kusini maji husafiri kwa wiki kadhaa, na hata mashamba yaliyo karibu zaidi huagiza siku kadhaa mbele. Mvua ikinyesha mashambani maji yakiwa njiani, wakulima hufuta maagizo, na mtoni hubaki maji yasiyo na mwenyewe. Mahali panapoitwa Barmah mto huo ni mwembamba, hivyo ziada kama hiyo huweza kumwagika msituni katika majira ya joto, wakati ambapo msitu kwa asili ulipaswa kukauka. Dawa yake si kukataza watu kufuta maagizo. Ni kuacha nafasi tupu ya makusudi katika bwawa dogo la katikati ili lipokee yaliyokataliwa, na kupunguza kutoa huko juu pindi utabiri wa mvua unapokuwa wa kuaminika.

Hatua ya 4: Ahidi kile ulicho nacho

Anza na akiba inayotumika. Ongeza kiasi kidogo kabisa cha maji ambacho kumbukumbu zinaonyesha kuwa huingia katika kipindi kilichobaki, hata katika miaka mibaya. Ondoa mvuke, ondoa maji yanayohitajika ili mto wenyewe utembee, ondoa mtiririko wa mazingira (maji yanayoachwa kwa ajili ya viumbe wa mtoni) na akiba ya mwaka ujao. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Maji ya kuutembeza mto huwa mengi na karibu hayabadiliki: awe anasubiri mkulima mmoja au elfu, mkondo lazima ujazwe hadi kwake, na ndiyo maana katika ukame mkali mgao wa watu huweza kufika sifuri huku mto ungali unatiririka.

Usitumie wastani. Mkataba wa mto Colorado wa mwaka 1922 uliwagawia watu wa bonde la juu na la chini takribani kilomita za ujazo 9.25 kila upande kwa mwaka, kwa kutegemea vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua nyingi kuliko kawaida, na mto haujaweza kutimiza ahadi hiyo kwa uthabiti. Ni afadhali kutangaza mgao mdogo mwanzoni mwa msimu na kuupandisha kila mwezi maji yanapoingia, kwani mkulima aliyekwisha kupanda hawezi kurudisha mbegu dukani.

Hatua ya 5: Chagua bwawa la kutoa

Kwa mahitaji ya umwagiliaji na miji, kanuni ya jumla ni kutumia kwanza maji ya bwawa la chini na kuyaacha ya juu, kwa kuwa ya juu yanaweza kushushwa wakati wowote ilhali ya chini hayapandi. Ziwa pana lenye kina kifupi litangulie pia, maana mvuke utalila hata usipolitumia. Kanuni hii ina mpaka wake: ikiwa mkondo kati ya mabwawa mawili ni mwembamba, uhamishaji uanze miezi kabla ya kilele cha mahitaji.

Kwa umeme, mambo hugeuka. Katika mto Tana wa Kenya, Masinga ndilo ghala kubwa la juu, na chini yake kuna Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Katika mpangilio kama huo, mabwawa madogo ya katikati huendeshwa yakiwa karibu na kujaa, kwa sababu kimo cha maji juu ya mitambo ndicho kinachoamua kila mita ya ujazo itazalisha umeme kiasi gani, na mzigo wa kupanda na kushuka huachiwa ghala la juu.

Hatua ya 6: Jiandae na mafuriko kwa hesabu

Tuseme nafasi tupu ziwani ni mita za ujazo milioni 300. Utabiri unasema milioni 700 zitaingia kwa siku tano. Chini ya bwawa, mto hubeba mita za ujazo 800 kwa sekunde bila kumdhuru mtu, na kwa siku tano hizo ni milioni 345.6. Ukijumlisha na nafasi tupu unapata milioni 645.6, hivyo umepungukiwa na milioni 54.4. Ukianza kutoa 800 siku moja kabla, wakati yanayoingia ni 150 tu, unafungua nafasi ya milioni 56.2. Siku hiyo moja inatosha kwa shida, hivyo anza siku mbili kabla.

Bwawa la Glen Canyon, Marekani, liliingia msimu wa kuyeyuka theluji wa 1983 likiwa karibu limejaa, na mtiririko wa kasi uliharibu vibaya mahandaki yake ya kumwagia maji. Kwa vyovyote vile, usitoe kilele kinachozidi kilele kilichoingia.

Hatua ya 7: Punguza polepole

Kingo zilizoloa kwa wiki kadhaa huporomoka maji yakiondolewa ghafla, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya udongo hukosa kizuizi kwa nje, na samaki hunaswa katika madimbwi. Weka kikomo cha kushuka kwa siku kwa sentimita, si kwa mtiririko, na ukiheshimu hata pale mkuu wa kituo cha umeme anapotaka mitambo izimwe mara moja.

Hatua ya 8: Andika amri

Amri ya mdomo haitoshi. Iandikwe hivi: "Saa 2:00 asubuhi, mlango namba 3 ufunguliwe kutoka sentimita 40 hadi 65, mtiririko wa jumla utarajiwe kutoka 250 hadi 310, kituo cha chini kithibitishe kufikia saa 8:00 mchana, onyo kwa wavuvi litolewe saa moja kabla." Msimamizi wa mlango airudie kwa maneno yake na kuweka sahihi. Kituo cha chini kikionyesha tofauti inayozidi asilimia 5 baada ya muda wa safari kupita, shuku kwanza jedwali la kituo hicho linalogeuza usawa wa maji kuwa mtiririko, hasa ikiwa mafuriko yalipita karibuni na kuchimba sakafu ya mto, na tuma watu wenye boti wakapime upya kabla hujagusa mlango kwa mara ya pili.